Fidla ya baba mkwe iko juu ya kabati: niitengeneze kwa siri au niiache?

BARUA

Assalaam alaykum Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa hapa Tanga mjini na tunaishi Ngamiani, nyumba moja na wakwe zangu. Kikoba chetu kinavunjwa kabla ya Idi na mgao wangu nimeshaujua. Nikitoa ada ya shule na nguo za watoto, mkononi inabaki laki tatu. Nimeamua iwe zawadi za Idi kwa watu watatu wa nyumba hii, na wote watatu ugonjwa wao mmoja: muziki.

Wa kwanza ni baba mkwe. Ana miaka 74. Miaka ya 1970 na 1980 alikuwa akipiga fidla kwenye kikundi cha taarabu hapa hapa mjini. Fidla yake ipo, imo kwenye kasha jeusi juu ya kabati la nguo chumbani kwao. Miaka yote niliyokaa nyumba hii sijamsikia akiipiga hata mara moja. Wifi yangu mkubwa aliniambia baba aliacha muziki aliporudi hija. Lakini usiku, akishaswali Isha na kula, mzee anakaa barazani na redio yake ya kaseti, sauti chini kabisa, anasikiliza taarabu za Black Star na Lucky Star, Shakila akiimba. Pia ana kaseti moja isiyo na jalada. Mume wangu anasema ni harusi ambayo baba mwenyewe alipiga. Siku hizi ile kaseti inavuta, sauti inalegea kisha inarudi, na mzee anaizima.

Mwezi uliopita mama mkwe aliniita nimshikie kiti akitoa utando wa buibui, akalishusha kasha, tukalifungua. Waya mbili zimekatika na zilizobaki zimelegea zimeota kutu. Nywele za upinde zimekatika nyingi, zinaning'inia upande mmoja. Nilipoinyanyua fidla kuna kitu kiligonga ndani, ko, ko. Mama hakusema neno, akafunga kasha akalirudisha.

Tangu siku hiyo sina raha. Kuna fundi seremala Makorora, anasema nimpelekee, atagundisha kila kitu na kuipiga vanishi ing'ae, elfu 40. Dukani Kariakoo wamenitajia kwa simu nyuzi seti moja elfu 25 na upinde mpya elfu 60. Nimewaza kuichukua kasha mzee akiwa msikitini, niitengeneze, nimkabidhi siku ya Idi mbele ya watoto na wajukuu wote. Naota anaipiga na binti yangu anaimba kasida pembeni yake.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, miaka 26, anaendesha bodaboda. Yeye ni bongofleva na singeli kuanzia anapoamka. Anataka sabufa, ameiona ya laki na thelathini. Mimi naona bora nimnunulie hedifoni zile kubwa za kuziba masikio, elfu 45, ili na nyumba ipumue.

Wa tatu ni binti yangu, miaka 11. Anaimba kasida madrasa na kila akipata simu yangu anafungua kinanda cha kwenye simu, anatafuta nyimbo mwenyewe kwa kidole. Jirani anauza kinanda kilichotumika cha vibao 61, bila adapta, laki na nusu. Dukani kuna kidogo kipya cha vibao 37, elfu 65.

Nikijumlisha vyote, pamoja na sabufa, inafika laki nne na zaidi. Mume wangu anasema gawa sawa, laki laki, asije mtu akanuna. Kuhusu fidla anasema, "Mambo ya baba na fidla yake mimi siyajui, fanya unavyoona." Kijana wa steshenari amesema kuhamisha kaseti kwenda kwenye flashi ni elfu 10, na flashi ya GB 32 ni elfu 18, lakini sijui kama hiyo nayo ni zawadi au ni kumpa mzee kitu chake mwenyewe.

Nifanyeje?

Mkwe mwenye laki tatu, Ngamiani

JIBU

Waalaykum salaam dada, na Idi ikukute na heri wewe na wanao.

Nikikusoma vizuri, umeuliza mambo mawili. Moja ni hesabu: laki tatu, watu watatu, na mahitaji yanayozidi laki nne. Hilo lina njia. La pili halina bei: mkwe ana nafasi gani ya kugusa kitu ambacho mzee amekinyamazia miaka yote hiyo? Hapo siwezi kukuamulia, ila naweza kukuonyesha nini kipo ndani ya kila uamuzi kabla hujaufanya.

Tuanze na lile neno, "baba aliacha muziki aliporudi hija." Hilo amesema wifi, mzee hajasema. Na barua yako yenyewe inalipunguzia nguvu, maana aliyeacha muziki hakai barazani na Shakila kila usiku. Inawezekana ameacha kupiga na hajaacha kusikiliza. Wapo wazee wa pwani waliochora mstari hapo hapo, na ni mstari wa kuheshimiwa. Ikiwa ndivyo, kumkabidhi fidla mbele ya wajukuu siku ya Idi ni kumbana: akiipiga anavunja aliloliweka moyoni, akiikataa anakuvunja wewe mbele ya watu. Dini inasemaje juu ya ala, hilo si la safu hii, ni lake na shehe wake.

Lakini zipo sababu nyingine ambazo wifi huenda hazijui. Vidole, kwa mfano. Fidla inataka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikunjike na kitue mahali pake barabara, maana haina vituo shingoni kama gitaa. Kwa miaka 74 kidole hicho kinaweza kuwa kimeshagoma, na mtu aliyewahi kupiga vizuri huona afadhali anyamaze kuliko kusikika akikosea. Sababu nyingine ni nyepesi kuliko zote: chombo kiliharibika, vifaa vikakosekana, siku zikapita.

Na hapo ile ko, ko uliyoisikia ina maana kubwa. Ndani ya fidla kuna kijiti cha mviringo, unene wa penseli hivi, kinachosimama wima kati ya ubao wa juu na ubao wa chini, karibu na mguu wa kile kidaraja kinachobeba nyuzi, upande wa waya nyembamba. Hakigundishwi. Kinashikwa na mgandamizo tu, na nyuzi zikilegea zote kinaweza kuanguka. Ndicho, karibu kwa hakika, kilichogonga. Bila kijiti hicho fidla haipigiki. Sauti inakuwa tupu, na ukikaza nyuzi ubao wa juu unaweza kuzama au kupasuka. Kukisimamisha si kazi ndefu kwa mwenye chuma chake maalumu kilichopinda, kinachoingizwa kwenye tundu la ubao wa juu, pembeni mwa kidaraja, lakini asiyejua atakisimamisha pabaya au, vibaya zaidi, atakigundisha.

Kwa hiyo yule fundi wa Makorora nakuomba umshukuru na umwache. Simtilii shaka mkono wake kwenye kabati na vitanda. Tatizo ni gundi na vanishi. Fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na ni kwa makusudi: mbao zikivimba kwa unyevu, na unyevu wa Tanga unaujua, gundi ile huachia kidogo ukingoni na fundi huirudishia. Gundi nyeupe ya mbao au supaglu haiachii, kwa hiyo kinachoachia ni ubao wenyewe, unapasuka. Vanishi mpya juu ya ya zamani inauziba mbao na kuiua sauti. Halafu tazama pale karibu na mahali kidevu kinapotua: mara nyingi vanishi ya pale imekwisha kwa jasho la miaka. Ukiipiga ing'ae umemfutia mzee alama yake, na alama ile hairudi.

Sasa namna ya kujua, kwa sababu kukisia hakutoshi na kuiba kasha mzee akiwa msikitini sioni kama kutakupa usingizi. Mwenye taarifa katika nyumba ile ni mama mkwe. Alikuita wewe umshikie kiti, akafungua mbele yako, akanyamaza. Ukimya ule unaweza kuwa huzuni, unaweza kuwa "tusiliguse", unaweza kuwa alikuwa anakutazama utasema nini. Muulize mkiwa jikoni wawili, bila kutaja zawadi: "Mama, ile fidla ya baba tuiache vile vile?" Kisha mumeo. Amekuambia fanya unavyoona, lakini mtoto wa kiume anaweza kumuuliza baba yake jambo ambalo wewe mkwe litakukaa vibaya kinywani. Sioni haja ya kumuuliza kama atapiga tena. Amuulize kuhusu utunzaji: "Baba, ile fidla tusiiache ikaliwa na wadudu, tuiweke vipi?" Mzee akisema "iacheni tu", mmepata jibu na hakuna aliyeaibika. Akisema "kwanza kijiti kimeanguka, na waya siku hizi hazipatikani", mmepata jibu jingine kabisa.

Jibu likiwa la kwanza, bado ipo zawadi, na ni ya bei ndogo kuliko zote: kuihifadhi. Kitambaa cha pamba kikavu cha kufutia vumbi, vipakiti vichache vya kukausha unyevu (vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila vipya, maana vya zamani vimeshajaa unyevu), na kulianika kasha wazi, fidla ikiwa nje, saa chache kivulini penye hewa. Nywele za upinde zilizokatika upande mmoja mara nyingi zimeliwa na vidudu wapendao kasha lililofungwa gizani. Mwanga na upepo vinawafukuza. Fidla yenyewe isiwekwe juani hata dakika kumi, gundi inaweza kuachia.

Likiwa la pili, fikiria kumpa vifaa mkononi mwake na kuacha kazi aisimamie mwenyewe. Mpigaji hupenda kufunga nyuzi zake. Kuna sababu ya kiufundi pia: fundi wa kawaida au kijana wa dukani akizikaza, atazikaza kwa mtindo wa shule, sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wanaofuata muziki wa Kiarabu, ambao taarabu imechota kwao, huzishusha mbili za juu ziwe sol, re, sol, re. Mzee akikuta imekazwa sivyo, atajua hapo hapo kwamba aliyeishika si mwenzake.

Ukiagiza Kariakoo, mambo matatu. Sema unataka nyuzi za fidla ya ukubwa kamili, 4/4, na kabla ya hapo mumeo apime kiwiliwili cha fidla bila shingo: ukubwa kamili ni karibu sentimita 35.5, na ikitoka 33 hivi ni robo tatu, nyuzi na upinde wake ni vingine. Pili, angalia mwisho wa ile waya nyembamba kabisa: nyingine zina kijipira, nyingine kitanzi, na ya mzee lazima ifanane na kile kidude inachonasia. Tatu, hukuuliza kitu kimoja kitakachokwamisha vyote: rozini, ile nta ngumu ya utomvu wa msonobari inayopakwa kwenye nywele za upinde. Upinde mpya usiopakwa rozini hautoi sauti yoyote, unateleza tu juu ya waya, na wengi hurudisha upinde dukani wakidhani ni mbovu. Bei yake ni chini ya nyuzi. Ikiwa yake ya zamani imo kasha­ni haijapondeka, huenda ikafaa, ikikwaruzwa juu kwa msasa mwembamba.

Vigingi vya kukazia navyo, kwa hewa ya pwani, huvimba vikakwama. Asivilazimishe mtu mwingine, kichwa cha fidla kinachovishika kinaweza kupasuka. Mzee mwenyewe atajua kuvitoa taratibu na kuvipaka sabuni kavu na chaki. Na nyuzi haziwekwi mpaka kijiti kimesimamishwa na mwenye kuijua kazi ya fidla. Hiyo pengine itataka safari ya Dar es Salaam au mtu wa taarabu ambaye mzee mwenyewe anamjua. Nina hakika zaidi na huyo wa pili. Wazee hawa wanajuana.

Ile kaseti sasa. Umeuliza kama kumhamishia ni zawadi au ni kumrudishia kitu chake. Mimi ningeuliza kwanza swali jingine: je, Shakila naye anavuta? Kaseti zote zikivuta, kaseti ya harusi haina kosa. Ndani ya redio kuna mkanda mwembamba wa mpira unaozungusha magurudumu, na mpira ukizeeka hulegea. Fundi redio huubadilisha kwa hela ndogo, na akiwa ameifungua asafishe kichwa cha kusomea na kile kigurudumu cheusi cha mpira kwa pamba na spiriti. Ukifika hapo unaweza kugundua kwamba zawadi aliyoihitaji mzee usiku wote huo ni mkanda wa mpira.

Ikivuta ile moja tu, tatizo ni lake, na usiicheze tena mpaka imetazamwa. Tazama kwenye kidirisha: ukiona vumbi jeupe kwenye utepe ni ukungu, na ukiicheza unaupeleka ukungu kwenye redio na kuung'oa muziki kwenye utepe. Angalia pia katikati ya mdomo wa kaseti, kuna kisponji kidogo kinachosukuma utepe kwenye kichwa; kikibanduka, sauti inakuwa ya kikohozi. Visponji na hata ganda zima vinaweza kuhamishwa kutoka kaseti nyingine iliyofungwa kwa skrubu. Utepe uliobana, mara nyingi unapona kwa kupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa nyuma hadi mwanzo, mara moja, taratibu.

Kwa kijana wa steshenari, mpe masharti. Avunje vile vimeno viwili vya nyuma ya kaseti kwanza, ili hata akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya harusi isifutike. Asirekodi kwa kuiweka simu mbele ya spika. Atumie waya kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Sauti isifike juu kabisa, ibakie chini kidogo ya ukomo, maana ikipasuka imepasuka. Kaseti ya dakika 60 inachukua saa nzima kuhamishwa. Akikuambia dakika kumi, hajaisikiliza. Ahifadhi nakala mbili: moja isiyobanwa, ambayo kwa saa moja ni kama MB 600, ya kuwekwa, nyingine ya MP3 ya kusikilizia.

Kisha linakuja tatizo ambalo flashi peke yake hailimalizi: redio ya mzee ni ya kaseti, ataichomeka wapi? Ukitaka nakala imfikie, itahitaji redio ndogo yenye tundu la flashi, vitufe vikubwa, na sauti inayoteremka chini kweli kweli, kwa sababu yeye husikiliza chini. Flashi ifomatiwe FAT32. Redio nyingi za namna hiyo hazisomi mfumo mwingine wala aina nyingine ya faili zaidi ya MP3. Wala hiyo isichukue nafasi ya redio yake ya zamani. Na kaseti ni yake: kuichukua bila ruhusa ni sawa na kulichukua kasha. Hapa lakini ruhusa ni nyepesi kuomba, "Baba, tuihamishe hii isije ikapotea," na sidhani kama itamweka mzee pagumu.

Nihamie kwa shemeji, kwa ufupi, maana huyu ameshasema anachotaka. Hedifoni ulizochagua, dada, zawadi ile ni yake au ni ya nyumba? Hakuna ubaya kutaka utulivu, lakini mtu huitambua zawadi iliyonunuliwa ili anyamaze. Pia ni dereva. Hedifoni za kuziba masikio juu ya bodaboda zinaficha honi na lori la nyuma, nawe hutakuwepo kumkumbusha. Hata nyumbani, Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi 90 zinabaki saa 4 tu. Anayeanza na singeli alfajiri anazimaliza siku moja.

Sabufa nayo ina mtego wake. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, wati elfu ngapi sijui, mara nyingi ni PMPO, namba ya kuuzia. Tafuta iliyoandikwa RMS, ndiyo nguvu halisi, na utashangaa inavyoshuka. Kwa chumba kimoja cha Ngamiani, wati 20 hadi 30 za RMS zinatosha na kubaki. Njia ya katikati ni kumchangia elfu 45 ile ile, kwa uwazi, amalizie mwenyewe. Hapo unaweza pia kutaja saa za kuzima, kama shemeji na shemeji, bila zawadi kubeba ujumbe huo kimya kimya. Hatari yake ni kwamba sabufa itaingia nyumbani kweli, na kuta zenu unazijua wewe.

Binti ndiye ninayemwona rahisi na ghali. Kile kidogo cha vibao 37, waulize kwanza vibao vina upana gani. Kibao cheupe cha kawaida ni milimita 23 hivi. Vya vinanda vya watoto ni vyembamba, na mkono uliozoea vyembamba hupotea ukikutana na vya kweli. Bonyeza sauti tatu kwa pamoja: zikitoka mbili tu, hicho ni cha kuchezea. Kwa mtoto anayetafuta nyimbo mwenyewe kwa sikio, atakimaliza mapema. Lakini elfu 65 ni elfu 65, na ikiwa bado hujui kama hamu itadumu, kukijaribu kwa hela hiyo nako kuna maana. Yupo pia mwenye kusema mwache na simu mwaka mmoja na umnunulie dufu zuri la kasida, ngozi ya mbuzi, linalokazwa kwa kuoteshwa jua au jivu la moto. Hilo atalitumia madrasa wiki hiyo hiyo.

Ile ndoto yako ya babu kupiga na mjukuu kuimba, itunze, ila usiifunge pamoja na zawadi. Mtoto akijua kinanda amepewa ili babu afunguke, na babu akijua fidla imetengenezwa ili mtoto afundishwe, wote wawili watakuwa wamepewa kazi siku ya Idi.

Limebaki neno la mumeo, laki laki. Ana hoja; katika nyumba moja bei hujulikana, hata ukifuta vibandiko. Mgawo sawa unakulinda na manung'uniko, lakini utamnunulia mzee vitu asivyovihitaji ili laki ifike, na binti atakosa kinanda kwa elfu 50. Ukienda kwa mahitaji, mfano mmoja ni huu: kinanda cha jirani 150,000, mchango wa shemeji 45,000, kaseti na flashi 28,000, nyuzi 25,000 ikiwa mzee ameridhia. Hiyo ni 248,000, na elfu 52 zinazobaki zitafute adapta, rozini na redio ndogo. Upinde wa elfu 60 haumo. Ungeweza kusubiri hadi mzee aonyeshe kwamba anataka kuipiga tena fidla. Katika mgawo huu mtoto ndiye amekula nusu ya hela, na wifi mkubwa ataliona hilo kabla ya chakula cha mchana. Unaweza kulipokea? Kuna pia njia ya kumwomba mumeo aongeze ya kwake kwa baba yake. Huyo ni baba yake kwanza, halafu ndiyo mkwe wako.

Vyovyote mtakavyoamua, kinanda cha jirani usikilipie kikiwa kimezima. Hana adapta, basi tafuta ya kuazima, lakini kwanza soma maandishi chini ya kinanda au karibu na tundu la umeme: volti ngapi, na ule mchoro mdogo wa alama ya kujumlisha na kutoa. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na kati ni kutoa. Yamaha nyingi ndogo ni volti 12 na kati ni kujumlisha. Ukichomeka kinyume unaweza kukiunguza kabla hujakinunua. Kikiwaka, kiache dakika 20, kisha bonyeza vibao vyote 61 kimoja kimoja, polepole halafu kwa nguvu. Kinachotoa sauti kubwa ghafla au kimya, mara nyingi ni uchafu kwenye raba za chini yake na husafishika. Vikiwa viwili vitatu, punguziwa bei. Vikiwa kumi vilivyofuatana, rudi nyumbani na hela zako.

Mshauri